Mchicha wa Shangazi Ulioivia Guniani

Mwanangu, kila nikiona mchicha umeshindiliwa guniani, hasira hunipanda upya, na ninayemkasirikia alishazikwa zamani. Ni baba yangu.

Nakumbuka, ilikuwa kabla ya uhuru, mimi bado msichana. Shangazi yangu Mwanaisha alikuwa ameachwa na mumewe, akarudi kukaa kwetu Magogoni, ng'ambo ya Daraja la Nyali. Akalima mchicha karibu na kisima, tena mchicha wa kupendeza. Mpishi wa hoteli moja kule Shelly Beach, ukishavuka feri, akauonja, akamwambia alete wa kutosha Jumamosi. Ukifika mzima, atachukua mchicha wake kila wiki. Shangazi alicheka siku ile, mwanangu. Angejitegemea, asiolewe tena kwa kutafuta chakula.

Baba akasema mwanamke wa nyumba yake hatazurura mahotelini, atapeleka yeye. Shangazi alitaka uchumwe alfajiri, ukung'utwe umande, upangwe kwenye pakacha na kufunikwa majani ya mgomba. Baba akaamka kwa raha zake, akauchuma jua limeshapanda, akaumwagia ndoo nzima ya maji, akaushindilia guniani.

"Kakangu, nakuomba, tia kwenye pakacha. Jani likikatwa bado lapumua. Humo ndani litaiva."

"Nipite na pakacha pale feri, watu wanione kama mchuuzi wa samaki? Hebu nyamaza!"

Daraja la Nyali, kisha foleni ya feri, jua la utosi. Dereva aliyempeleka ndiye aliyetusimulia: gunia lilipofunguliwa lilitoa mvuke, na majani yalikuwa yanateleza kama bamia. Mpishi akayarudisha yote, akasema asiletewe tena mboga kutoka nyumba ile.

Baba alirudi akalitupa gunia miguuni pa dadake. "Mboga zako mbovu!" Mwaka haukuisha, akamwoza kwa mzee mmoja wa Utange ambaye Shangazi hakumtaka hata kidogo, wallahi.

Basi sikiliza. Chuma kabla jua halijatoka. Usizamishe majani kwenye maji. Lowesha kitambaa cha kufunikia, inatosha. Usibane, acha hewa ipite, na weka kivulini njia nzima. Na aliyelima akikueleza, funga mdomo umsikilize, hata akiwa mwanamke, hata akiwa anakula kwako.

Mola aibariki mikono yako, mwanangu, akujaalie na watu wa nyumbani wenye masikio. Shangazi yangu hakuwapata.