Veridiana na redio sita zinazosubiriwa na maji ya Namitunu

Saa mbili asubuhi, Veridiana Chilumba anasugua kwa mswaki vibati vidogo vya shaba vilivyo mgongoni mwa redio ya nne. Vimekuwa vyeusi kama sufuria ya kuni. Anachovya mswaki kwenye kizibo chenye spiriti, anasugua tena, anapuliza, kisha anaielekeza redio kwenye mwanga wa mlango. Rangi ya shaba imeanza kutokea pembeni.

"Salfa," anasema kwa sauti ya chini. "Waliziweka stoo moja na mifuko ya salfa ya mikorosho. Mtu wa mjini huwezi kumkuta na kosa hili. Sisi ndio tunalala na salfa, tunaamka nayo. Nani angefikiri inakula na redio?"

Kibanda chake kipo Mkuti, mjini Masasi, kando ya barabara iendayo Newala. Kina meza moja, kompyuta mpakato iliyopasuka kona ya kioo, na misumari ukutani ambako hutundika waya kwa unene wake. Mezani zimepangwa redio sita za mkononi, zile ambazo watu hapa huziita redio koli. Kila moja inaenea kiganjani. Zilinunuliwa kwa shilingi 65,000 kila moja.

Ni mali ya watumia maji wa Namitunu, kijiji kilichokaa ukingoni mwa uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Mota mpya ya pampu yao imeshafungwa bondeni tangu wiki iliyopita. Haijawashwa. Fundi wa maji aliyeifunga, Reginald Mkwavila, amekataa kuikabidhi mpaka mtu wa juu na mtu wa chini wasikilizane bila shaka yoyote.

Anayetakiwa kuiondoa hiyo shaka ni Veridiana, mwenye umri wa miaka 43 na elimu ya darasa la saba.

Namitunu haina mto wala chemchemi. Maji yapo chini ya mteremko, zaidi ya mita mia mbili kwenda chini, na pampu huyasukuma hadi kwenye tenki lililopo kijijini. Anayekaa na pampu hawezi kuliona tenki. Anayekaa na tenki hawezi kuiona pampu. Simu bondeni haishiki.

Septemba iliyopita bomba lilipasuka katikati ya mteremko. Maji yakawa yanamwagika porini huku pampu ikiendelea kuvuta, hadi kisima cha chini kikakauka na mota ikaungua. Tangu hapo kijiji kimeishi kwa maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye visima vya uani. Sasa ni Julai, na ndoo zimeanza kugonga sakafu za visima hivyo. Asiyeweza kununua ndoo ya maji kwa shilingi 700 anashuka bondeni kwa miguu. Kushuka ni dakika arobaini. Kupanda na ndoo kichwani, wengi hutumia karibu saa mbili.

Siku mota ilipoungua, aliyekuwa kwenye tenki ni Mwanakombo Sultani, ambaye kijijini wanamwita Mama Faidha. Aliona maji yamekoma kuingia, akachukua redio, akaita chini. Anaapa kwamba aliita.

"Niliita, na redio ikalia ti-ti-ti, nikajua amenipata," anasema Mwanakombo. "Nikaiweka chini nikakimbilia bombani. Kumbe huku nyuma mota inaungua. Miezi kumi sasa, nikipita kisimani kwa mtu, wananiuliza kama nimekuja kuwazimia na hicho."

Wapo waliosema redio zenyewe ni za kuchezea watoto. Wapo waliosema Mama Faidha alilala. Veridiana aliomba aletewe redio zote, pamoja na watu wawili waliozitumia siku ile.

Hiyo ndiyo namna yake ya kufanya kazi, na alijifundisha mwenyewe. Miaka kumi na minne iliyopita alikuwa akiuza vitumbua jirani na stendi ya Masasi. Mteja mmoja, mlinzi wa kampuni ya ujenzi, alimwachia redio isiyowaka kama rehani ya kifungua kinywa cha wiki nzima, asirudi tena.

Veridiana aliichaji kwa jirani. Redio ikawaka na kuzungumza Kichina. Anasema alikaa akiitazama kwa muda mrefu.

"Nilishangaa kitu kidogo hivi kimetoka huko mbali, kinanisemesha, na mimi sielewi. Nikasema, nitakielewa."

Ndani yake mlikuwa na orodha ya mipangilio arobaini, yote kwa vifupisho vya Kiingereza. Alinunua daftari. Kila siku alibadilisha kitu kimoja tu, akaangalia kimefanya nini, akaandika, akakirudisha kilivyokuwa. Siku ya arobaini akawa amemaliza. Daftari hilo bado analo. Ukurasa wa kumi na saba umeandikwa: "Hii sijaona kazi yake. Nirudie." Mstari wa chini yake, kwa kalamu ya rangi nyingine: "Nimeona."

Baadaye alitaka kuingiza mipangilio hiyo kwa kompyuta ili redio nyingi zilingane. Waya wa kuunganishia hakuwa nao, akautengeneza kwa kukata waya wa spika za masikioni na kuuchomelea risasi kwenye kipande cha chaja ya simu. Kompyuta iliukataa kwa miezi mitatu. Alibadilisha nyaya mbili nafasi, siku moja ikaukubali.

Na kuna jioni ambayo huisimulia akiwa ameacha kila alichoshika. Alipanda mlima wa mawe ulio karibu na mji, na redio ile ile na antena ya waya aliyoipinda mwenyewe. Alikuwa amesikia kwamba chombo wanachokaa wanaanga hupita juu ya Masasi. Alisubiri. Kwa dakika kama nane alisikia mtu akizungumza kutoka huko, sauti safi, kisha ikazama na kupotea.

"Mtu yuko juu ya mbingu ya Masasi, na mimi nimemsikia kwa redio ya rehani ya vitumbua," anasema.

Wiki iliyopita, Mwanakombo na mwangalizi wa pampu, Mzee Khalidi Safari, walifika kwenye kibanda hiki. Mzee Khalidi ana miaka 71. Ni baba mkwe wa Mwanakombo.

Veridiana alimweka mzee nyuma ya kibanda na redio moja, akamweka Mwanakombo mezani na nyingine. Akafungua saa ya simu yake.

"Mama Faidha, sema kama ulivyosema siku ile," alimwambia. "Usipunguze hata neno."

Mwanakombo alibana kitufe.

"Shikamoo baba." Akanyamaza kidogo. "Habari za kuamka?" Akanyamaza. "Na mguu, umepungua maumivu?" Akanyamaza tena. "Mama naye, kifua chake?"

Kidole chake hakikuwa kimetoka kwenye kitufe hata mara moja. Aliacha nafasi za majibu kama anavyoacha kwenye simu, lakini redio hizi hazisemi na kusikia kwa wakati mmoja. Kila Mzee Khalidi alipoitikia marahaba huko nyuma, marahaba yake iligonga mlango uliofungwa. Ilipofika sekunde ya sitini redio ikalia ti-ti-ti na kukata. Kiwandani wameipanga hivyo, ili kitufe kikikwama isiungue.

Mwanakombo alikuwa bado hajafika kwenye maji.

"Hiyo ndiyo sauti niliyoisikia siku ile," alisema taratibu. "Nilidhani ndiyo jibu."

Mzee Khalidi alizunguka akaja mbele, redio mkononi.

"Mimi nilisikia shikamoo na mguu," alisema. "Nikasema leo mkwe wangu kaamka vizuri. Nikawa najibu tu, mwenyewe, pale na pampu."

Reginald, aliyekuwepo siku hiyo, alitoa suluhisho la haraka. "Basi wakatazwe salamu. Aseme zima, imekwisha."

"Nani atamwambia mtu asimwamkie baba mkwe wake?" aliuliza Veridiana. "Wewe utamwambia?"

Reginald alitazama mezani. "Mimi ni fundi wa maji," akasema.

Veridiana aliacha salamu zikae kama zilivyo. Aliongeza muda wa kukata kutoka sekunde sitini hadi mia na themanini, kisha akawaweka tena nyuma na mbele ya kibanda. Ukisema shikamoo, achia kidole, marahaba ije. Uliza mguu, achia, mguu ujibu. Na hakuna kuweka redio chini mpaka umesikia mtu, kwa mdomo wake, akisema "nimezima". Mlio wa mashine si jibu. Walirudia mara kumi na moja.

Leo saa sita mchana amemaliza kusafisha redio ya nne, na anaichomeka kwenye kompyuta. Mstari wa bluu unatembea kwenye kioo. Anaingiza masafa mamoja tu, yale yaliyoandikwa kwenye kibali cha Namitunu, na kufunga vitufe ili mkono wa mtu usiyahamishe kwa bahati mbaya. Redio mbili zilizobaki anazitia kwenye mfuko, zitasubiri.

Saa tisa kasoro yupo Namitunu, ukingoni kabisa. Mbele ya miguu ardhi inaisha. Chini kuna vichaka, kisha ukungu wa bluu kuelekea Ruvuma. Reginald amekuja na karatasi ya makabidhiano ndani ya bahasha. Kina mama wapatao ishirini wamekuja na ndoo, ingawa hakuna aliyewaambia waje nazo.

Veridiana anapima waya wa shaba kwa tepu. Sentimita arobaini na saba kwenda juu, arobaini na saba kwenda chini. Mawimbi ya redio hizi, anawaeleza, yana urefu wa karibu mita mbili, kama kimo cha mlango. Hatuyaoni, lakini yanapita hapa, moja baada ya jingine, mamilioni kwa sekunde, na waya ukikatwa vizuri unayadaka.

"Hata sasa yanapita?" anauliza mama mmoja.

"Hata sasa. Yametupita sisi sote tulivyosimama."

Mama huyo anarudi nyuma hatua moja, na wenzake wanamcheka. Kisha nao wanaitazama hewa.

Antena inafungwa kwa mpira wa tyubu kwenye mti mrefu wa mwanzi, na mwanzi unasimamishwa ukingoni. Waya mweusi unashuka hadi kwenye redio ya Mwanakombo; nyingine imeshateremshwa bondeni kwa Mzee Khalidi. Bila antena hii, mwamba wenyewe ungekaa katikati ya mkwe na mkwewe.

"Shikamoo baba," anasema Mwanakombo, akianza jaribio kabla mota haijawashwa, na kuachia kidole.

Kina mama wanasogelea redio. Halafu kutoka chini ya ule ukungu, karibu kana kwamba mzee amekaa ndani ya ndoo mojawapo:

"Marahaba, mwanangu. Mmeshindaje huko?"

"Salama. Mguu je?"

"Mguu upo. Unanisumbua wakati wa kupanda tu, na sipandi."

"Baba, maji hayaingii. Zima."

"Nimezima."

Mwanakombo anaishika redio kifuani kwa mikono miwili, na mwanamke aliyesimama jirani yake, mmoja wa waliomsema miezi yote hii, anamwekea mkono begani na kuuacha hapo.

Wanarudia mara sita, na mara zote sita jibu linakuja. Reginald anatoa karatasi kwenye bahasha na kufungua kalamu.

"Niandike imekubali?"

"Ngoja," anasema Veridiana. Anachukua redio. "Mzee Khalidi, sasa hivi umesimama wapi?"

"Nje. Kwenye jiwe langu."

"Naomba uingie ndani, kwenye pampu. Ufunge na mlango."

Muda unapita. Inakuja mikwaruzo, neno moja, nusu ya neno, halafu hakuna kitu. Nyumba ya pampu ina paa la bati na mlango wa bati. Siku ya mvua, au siku mguu unapouma, mzee atakuwa ndani.

Kina mama wanatazamana. Mmoja anasema mzee anaweza kuambiwa akae nje tu, mbona anakaa nje miaka yote. Mwingine anasema visima havisubiri. Reginald bado ameshika kalamu, na ni wazi kwamba yeye angeandika.

"Andika: bado," Veridiana anamwambia. "Chini kunahitaji antena yake, nje ya bati. Ni kazi ya nusu siku."

"Watu wamekuja na ndoo, dada."

"Nimeziona." Anazitazama tena, moja moja. "Mota ya kwanza iliungua kwa sababu kila mtu alidhani amesikika."

Mzee Khalidi ametoka nje, sauti yake imerudi. "Jamani, mimi huku niwashe au nisiwashe?"

"Usiwashe, baba," anajibu Mwanakombo kabla ya mtu mwingine. "Kesho."

Veridiana anasema akimaliza kazi hii atamwachia Mwanakombo nakala ya lile daftari, kurasa zote arobaini, amfundishe kuziingizia redio mipangilio mwenyewe. Kutoka Masasi ni mbali, anasema, na haifai kijiji kikose maji kwa kumsubiri yeye. Mwanakombo amemjibu kwamba Kiingereza hajui. Veridiana akamwambia hata yeye hakijui, anaijua redio.

Jua limeshuka. Anakata kipande cha kwanza cha antena ya bondeni na kukilaza juu ya kanga. Cha pili anakipima, anaweka alama ya kalamu kwenye arobaini na saba, anakileta karibu na macho, kisha anaweka koleo chini. Mwanga hautoshi, na waya ukishakatwa mfupi haurefuki.

Atalala kwa Mama Faidha. Saa mbili asubuhi watashuka bondeni pamoja, na waya ambao haujakatwa.