Aliyeivuta Ngazi

Kila asubuhi mimi na Hamisi, mwenzangu wa Mombasa, tulikunywa chai kivulini mwa bawa la ndege, tukiwacheka wageni. Uwanja wa ndege wa Sana'a, kule Yemen, uko juu milimani. Mgeni akishuka na kibegi chake tu, anahema kama aliyekimbizwa. Mimi nilipandisha masanduku mawili kwa mkupuo na bado nikapiga mluzi. Shule niliishia darasa la nne, lakini pale hapakuwa na dereva wa kuegesha gari la ngazi mlangoni mwa ndege kama mimi. Ningekwambia umuulize Hamisi.

Kisha vita vikaingia. Wapakizi wakatoroka mmoja mmoja, tukabaki sisi wawili, kwa kuwa meneja alituahidi viti kwenye ndege ya mwisho ya kuwatoa wageni.

Siku yenyewe tulipakia mizigo, tukapandisha watu, nasi tukapanda. Nikafunga mkanda. Mhudumu akauliza: ngazi ataiondoa nani?

Hatukuwa tumelifikiria hilo. Miaka yote ndege zilikwenda, sisi tukabaki. Ngazi huvutwa na anayebaki.

Nikasimama. "Gari langu lile."

Hamisi akanisukuma kifuani. "Kaa, wewe! Mikono inakutetemeka, utaitoboa ndege tubaki sote."

"Nani anatetemeka?"

"Wewe, bingwa. Na binti yako hana mama. Kaa!"

Akashuka mbio.

Mlango ukafungwa.

Dirishani nilimwona akirudisha gari nyuma polepole. Hakugusa kitu. Akateremka, akaniinulia dole gumba.

Tukapaa.

Jioni mabomu yakaupiga uwanja. Simu yake iliita siku nyingi, halafu ikaacha kuita. Mama yake, huko Kisauni, mpaka leo hataki asomewe hitima. Anasema hajaona maiti.

Sasa nina kampuni yangu Skärholmen, huku Uswidi, ya kuhamisha watu nyumba. Malori yana jina langu ubavuni, herufi kubwa, unaliona toka mbali. Nimeyapata kwa mikono hii hii. Jioni narudi Hallunda, nakula peke yangu. Binti anasomea uuguzi Flemingsberg. Nikimpigia namsemesha Kiswahili, ananijibu Kiswidi. Hamisi angecheka sana.

Kila nikisafiri kutoka uwanja wa Arlanda nachagua dirisha la upande wa mlango. Namtafuta yule wa chini, mwenye koti la kung'aa. Ngazi ikivutwa, namwinulia dole gumba. Wengi hawanioni. Wana ndege nyingine ya kuhudumia, na jioni wanarudi kwao.