Nilivyoanza parkour hapa Karatu, tukaitiwa mwizi, na mama yangu akamaliza kesi

Wakuu, heshima zenu wote. Sina picha ya kuwawekea, ila haya yamenikuta mimi mwenyewe, siongezi chumvi.

Mimi ni binti, fundi cherehani hapa Karatu. Parkour, kwa asiyeijua, ni kukimbia na kuvuka chochote kilicho mbele yako: ukuta, mtaro, ngazi. Huna kifaa. Ni mwili wako tu.

Nilianza na Saitoti, fundi wa magari ya watalii kwenye gereji jirani. Kwao ni Kakesio. Jamaa anaruka juu kama hana uzito, ila kutua alikuwa hajui kabisa. Anashuka puu! kama gunia la mahindi.

Kwa hiyo tulianza na landing. Unaruka kutoka kwenye tofali moja, unatua kwa vidole, magoti umeyakunja, bila kelele. Halafu kubingirika kwenye majani, bega likitangulia. Nilichubuka magoti hadi kukanyaga cherehani ikawa shughuli.

(Nyie mnaotaka kuanzia ghorofani kwa sababu mmeona video, acheni. Mtavunjika.)

Tulipoiva kidogo tukahamia kwenye jengo ambalo halijaisha. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Jioni moja mama mmoja akatuona tunaruka ukuta, akapiga yowe: "Wezi!"

Wakuu, watu walijaa na fimbo mkononi. Nilijua nimekufa. Mgambo ndiye aliyetuchomoa, akatupeleka ofisi ya mtaa, umati nyuma yetu. Bosi wa Saitoti naye alikuja, akasema wazi kwamba kwake mwizi hafanyi kazi.

Mwenyekiti wa mtaa akaniangalia. "Binti mzima, unapanda kuta za watu unatafuta nini?"

"Tunafanya mazoezi, mzee. Yanaitwa parkour."

"Mambo ya wazungu hayo. Yatawaharibu."

Hapo nikasema nilichokuwa nimekisoma. Kwamba jina ni la Kifaransa kweli, na vijana wa pembeni mwa Paris ndio walioupa mchezo huu umbo tunaloliona leo. Lakini wao walichota kwenye mazoezi ya askari ya kuvuka vikwazo. Na nyuma ya mazoezi hayo kuna ofisa mmoja wa jeshi la majini la Ufaransa, zamani sana, aliyezunguka dunia akakuta Waafrika wana miili imara na myepesi, na hakuna mwalimu aliyewafundisha. Ni maisha yao tu. Akarudi kwao akafundisha watu kukimbia, kuruka, kupanda na kubeba.

"Kwa hiyo mzee, mzungu naye aliona kwetu."

Watu wakaguna. Nikaona hawajaamini.

Mara mama yangu akaingia, ana udongo wa shambani hadi kwenye vifundo. Mimi sikuwahi kumwambia kuhusu haya mazoezi. Nikasema leo nimekwisha.

"Wameiba nini?" akauliza.

"Hakuna kilichopotea, mama," mwenyekiti akajibu.

"Basi kosa lao ni kuruka?"

Hakungoja jibu. Akatoka nje, akakaza khanga kiunoni, akauruka mtaro wa barabara. Ule mpana, sio masihara. Akatua kwa vidole, magoti yamekunjwa, kimya.

Saitoti akashika kichwa. "Mama, nani alikufundisha?"

"Mvua," mama akasema. "Kule Mbulu korongo likijaa, unaruka jiwe hadi jiwe huku majani ya ng'ombe yapo kichwani, au unalala ng'ambo na njaa yako."

Umati ukalipuka kwa vicheko na vigelegele. Mwenyekiti akacheka hadi akafuta macho, kisha akampigia mwenye jengo, akatuombea ruhusa.

Saitoti yupo gereji hadi leo. Jumamosi tunafundisha vijana kwenye jengo lile lile, na wasichana ni wengi kuliko wavulana. Nikiwaona wanatua kimya, kifua kinanijaa.

Nilichojifunza: anza chini, omba ruhusa kwa mwenye ukuta, na kabla hujasema kitu ni kigeni, muulize mama yako alivyokuwa anavuka korongo.

Na nyie wakuu, utotoni mlikuwa mnavuka nini huko kwenu? Mwageni hapa, nasoma yote.