Fishi ya Jino la Daktari Karekezi

Mwezi wa kumi na moja mwaka jana, dada yangu Kamikazi alitibu mzizi wa jino la bosi wake, na kwenye fishi, ile karatasi ya mgonjwa, ikaandikwa kwamba bosi amejitibu mwenyewe. Tulicheka siku tatu. Ningejua yanayokuja, ningeiiba ile fishi siku hiyohiyo nikailalia.

Kamikazi ni mtoto wa mama mkubwa, lakini nimekulia kwao hapa Gisenyi, mpakani na Goma, kwa hiyo namwita yaya, yaani dada mkubwa, na sahani yangu anaiosha yeye, au alikuwa anaiosha kabla hajawa daktari. Meno aliyasomea Lubumbashi, miaka sita. Alirudi na diploma ambayo mama mkubwa Mukandori, anayevusha karoti za Nyakiriba kwenda Goma kila asubuhi, aliitia kwenye fremu na kuitundika karibu na Yesu. Kila mgeni alionyeshwa wote wawili, na si lazima Yesu awe wa kwanza.

Lakini aliyesoma nje haanzi kushika mdomo wa mtu kwa sababu mama yake ana fremu. Lazima leseni itoke Kigali, kwenye baraza lao, na leseni ina safari yake. Yaya aliichora safari hiyo nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, akaibandika jikoni juu ya chupa ya chumvi. Chuo kithibitishe diploma kwa barua yake chenyewe. Baraza litoe ruhusa ya muda. Kisha miezi kumi na miwili ya kufanya kazi chini ya daktari mwenye leseni, daktari huyo atume ripoti, ndipo mtihani, ndipo leseni. Kila hatua na mwezi wake, kila mwezi na kisanduku cha kutia alama.

"Hii hapana mupango," mama mkubwa alisema, "hii ni vita."

Baadaye, alipopata wa kumsimamia, chini kabisa, baada ya neno LESENI, yaya aliongeza mstari mmoja mdogo: "Kubaki kwa Daktari K. miaka miwili, kumshukuru." Mstari huo uwekeni akilini.

Barua ya chuo peke yake ilikula miezi saba. Mara katibu yuko msibani, mara mhuri uko kwenye droo na ufunguo wa droo uko Likasi. Ilipofika, yaya alitafuta daktari wa kumsimamia, na hakuna aliyemtaka isipokuwa mmoja: Daktari Karekezi, mwenye kliniki ndogo juu kidogo ya soko. Karekezi alikulia Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi, hata akikutukana unasema asante.

"Karibu, mwanangu," alimwambia siku ya kwanza. "Hapa ni nyumbani. Nitakushika mkono mpaka uvuke."

Na kweli, mwezi wa kwanza alisimama nyuma yake. Mwezi wa pili alisimama mlangoni. Mwezi wa tatu alianza kufika saa nne, anakunywa chai, anajibu simu, anaondoka. Wagonjwa kumi na wanne kwa siku, wote wa Kamikazi. Waendesha moto, zile pikipiki za abiria, wa pale chini walianza kumwita Dokta Kami. Mtu akishika shavu tu barabarani, wanamwambia, "Panda, nakupeleka kwa Dokta Kami," bila kuulizwa.

Sasa kulikuwa na fishi. Kila mgonjwa ana fishi yake ya njano, na chini kuna mahali pa kuandika: Daktari aliyetibu. Yaya aliuliza aandike nini.

"Andika mimi," Karekezi alisema. "Wewe bado huna namba, na watu wa bima wanaijua namba yangu tu. Ni mambo ya karatasi, mwanangu, yasikusumbue."

Hayakumsumbua. Kila jino aliloziba, kila jino aliloling'oa, kila mzizi, aliandika kwa mwandiko wake mzuri: Karekezi, Karekezi, Karekezi. Mimi nilisoma nusu ya diploma ya kutengeneza meno bandia kabla chuo na mimi hatujachokana, na hata kwa nusu hiyo nilimwambia, "Yaya, unaandika kitabu na jina linakwenda kwa jirani." Alinipiga na taulo.

Aliyezitunza fishi ni Mwiza, binti wa mapokezi. Mwiza na yaya walikula maharage kwenye bakuli moja kila mchana. Mtoto wa pili wa Mwiza alipobatizwa, mama wa ubatizo alikuwa Kamikazi. Nalisema hili mapema ili nisije nikalisema kwa hasira baadaye.

Miezi kumi na miwili iliisha mwezi wa tatu mwaka jana. Karekezi akasema ripoti ameshaituma, basi aendelee na kazi wakati anasubiri tarehe ya mtihani. Mwezi wa nne, kimya. Wa tano, kimya. Yaya akiuliza, bosi anampapasa bega: "Kigali wana mafaili kama mchanga wa ziwa, mwanangu. Subira." Alisubiri miezi minane.

Mwezi huo wa nane wa kusubiri, ndio wa kumi na moja wa mwaka, Karekezi akaumwa jino. Gego la chini kulia, mzizi umeoza. Kwenda kwa daktari mwenzake aliona aibu, kwa hiyo siku hiyo alikaa mwenyewe kwenye kiti, akafumba macho, akashika mikono ya kiti kama mtu anayeshuka mteremko wa Kanama kwa baiskeli bila breki. Yaya alisafisha mizizi yote miwili, akaweka dawa, akafunika kwa kifuniko cha muda mpaka cha kudumu kitoke kwa fundi.

Mwiza, aliyeshika kalamu siku hiyo kwa sababu yaya bado alikuwa na glavu, akauliza, "Dokta Kami, pa daktari niandike nani?"

Karekezi, mdomo umekufa ganzi, akajibu mwenyewe: "Khama khawaida."

Basi fishi ikasomeka: Mgonjwa, Karekezi. Daktari aliyetibu, Karekezi.

"Labda alishika kioo na mukono ya kushoto," Mwiza alisema, na wakacheka mpaka mgonjwa aliyekuwa anasubiri akaogopa.

Wiki iliyofuata nilimsindikiza yaya Kigali kuulizia tarehe. Kwenye baraza lao alitupokea mama mmoja mtu mzima, mpole, miwani kwenye kamba. Akafungua faili, akasoma, akamtazama yaya, akasoma tena.

"Ripoti yako ilifika mwezi wa tatu. Majibu tulikutumia kwa anwani ya kliniki. Hukuyapata?"

"Sikupata kitu, mama."

Akaligeuza faili tusome. Ilikuwa Kifaransa, fupi kama risiti. Bi Kamikazi alikuwa msaidizi mwenye bidii. Alipokea wagonjwa, aliosha vifaa, alikoroga dawa za kuzibia. Hakugusa mgonjwa. Sahihi ya Karekezi, mhuri wa Karekezi. Na pembeni chini, kama ofisi zetu zilivyozoea, herufi za aliyetunga na za aliyepiga chapa: DK/mw.

Yaya hakuitazama sahihi. Aliweka kidole juu ya ile "mw" ndogo, akakiacha hapo.

"Kama ulitibu," yule mama alisema, "nionyeshe fishi. Hata chache, zenye jina lako."

Elfu ngapi sijui, na hata moja haikuwa na jina lake. Ndipo mimi, ambaye nilikuwa nimekatazwa kufungua mdomo tangu tulipopita Musanze, nikasema kuna fishi moja ya daktari aliyejitibu mzizi wa gego. Yule mama alivua miwani.

"La juu au la chini?"

"La chini, mizizi miwili."

"Hiyo fishi," alisema polepole, "ningependa sana kuiona. Iliyo halisi."

Hakuna daktari wa meno duniani ambaye angehitaji kuelezwa zaidi. Ulimi wako, mate yako, mkono wako mwenyewe: haiwezekani. Tulirudi Gisenyi tukiwa na kitu kimoja tu cha kutafuta, karatasi ya njano ya ukubwa wa daftari.

Kesho yake saa mbili tulikuwa kliniki. Alikuwapo mgonjwa mmoja, Faradji, mfanyabiashara wa vitenge wa Goma, shavu limevimba kama ameficha yai.

"Mwiza," yaya alisema, "nipe fishi ya Daktari."

Mwiza alielewa hapohapo. Alikaa, akasimama, akakaa.

"Dokta Kami, mi nilipiga tu. Mutu anasoma, vidole binapiga."

"Na barua ya Kigali?"

"Alisema nimupe yeye. Donc nilimupa."

"Miezi minane, Mwiza. Maharage tulikula wapi miezi yote hiyo?"

"Niko na watoto wawili, Dokta. Mumoja ni wako."

Akavuta droo hata hivyo. Nilimwona akipita na vidole juu ya fishi, akaitoa, akaishika kifuani. Nusu dakika labda. Halafu mlango ukafunguka na Karekezi akaingia, saa mbili na robo, mtu wa saa nne! Sijui ni nani aliyempigia simu kutoka Kigali, au kama kuna aliyempigia. Alinyoosha mkono tu. Mwiza alimtazama yaya, akamtazama bosi, akaiweka fishi kwenye mkono wa bosi.

Karekezi aliikunja mara mbili, akaitia mfuko wa shati.

"Mwanangu," alisema kwa ile sauti ya pasi, "elewa. Ningeandika kweli, ungepata leseni, na mwezi unaofuata ungefungua mlango wako ng'ambo ya barabara. Wagonjwa wote wangekufuata. Ningebaki na viti. Niambie wewe mwenyewe: ungebaki hapa?"

"Ningebaki," yaya alisema.

Karekezi alitabasamu. Hakumwamini. Mimi niliyeusoma ule mstari juu ya chupa ya chumvi kila siku ndiye niliyejua, na nilitamani awe anadanganya. Angekuwa anadanganya wangekuwa sawa, mwongo kwa mwongo.

Yaya alivua koti jeupe, akalikunja vizuri, akaliweka mezani kwa Mwiza.

"Sasa mi nani atanitibu?" Faradji akauliza kupitia lile yai.

"Daktari aliyetibu ni Karekezi," yaya alisema. "Imeandikwa hivyo siku zote."

Faradji aliiangalia mikono ya Karekezi, ambayo tangu mwaka juzi ilikuwa haijashika kitu kizito kuliko kikombe. Akainuka.

"Bon. Dokta Kami, niambie kwengine mahali naweza kwenda."

Yaya akamwandikia jina la daktari wa hospitali kwenye kipande cha karatasi, akatoka naye.

Vifuniko vya muda havina subira kama watu. Wiki ya tatu simu ya yaya ililia tukiwa jikoni, mama mkubwa anachagua karoti. Ilikuwa Mwiza. Yaya aliweka sauti wazi kwa sababu mikono yake ilikuwa na unga.

"Dokta Kami, kile kifuniko ya Daktari kimeanguka. Hawezi kula, hawezi hata chai. Kwa mwingine hataki, wataulizia nani alifanya ile kazi. Anasema uje tu umalizie, ripoti mupya mi nitaipiga leo, ya muzuri, atatia sahihi mbele yako."

Mama mkubwa alinyanyua karoti hewani kama polisi wa barabarani. "Enda," alinong'ona. "Ni jino moja tu, Kami. Jino moja na leseni inatoka."

Yaya aliinua macho kwenye kalenda. Nilimwona akihesabu visanduku kwa macho, kumi na viwili vyenye alama, na kisha kile cha ripoti. Kwa jino moja angevivuka vyote. Na leseni ingekuwa imetoka mdomoni mwa Karekezi, kama kila kitu kingine.

"Mwiza," alisema, "kwani ripoti uliipiga mwenyewe, umesahau? Msaidizi hagusi mgonjwa."

Akakata.

Mimi nilicheka kwa nguvu, nikapiga meza, kisha nikaona nacheka peke yangu. Mama mkubwa alirudisha karoti kwenye kikapu. Yaya alinawa unga, akachukua kalamu, akafuta alama za miezi kumi na miwili moja moja, na pembeni akaandika "Musanze", ambako kuna daktari aliyekubali aanze upya, kwa sharti moja la yaya mwenyewe: kila fishi, jina la aliyetibu.

Mstari wa chini, ule wa kubaki na kumshukuru, hakuufuta. Sijui alisahau au aliuacha makusudi. Ameshahamia Musanze, na mimi kila nikinyoosha mkono kuchukua chumvi nausoma.