Solo ya Wazee Wanne

Tangu mke wangu apate ugonjwa wa kichwa, nyumbani kwetu, mtaa wa Annexe, hatuna tena kitu cha kishindo. Sufuria tunaitua chini polepole, redio nimeigawa, na gitaa langu nimewaachia vijana wa kwaya. Badala yake nilinunua sokoni ukulele, kigitaa cha nyuzi nne kinachotosha kukumbatiwa kifuani. Siku ya kwanza nilipompigia, alifungua macho akasema, "Ile naweza kusikia." Nilimshukuru Mungu kwa maneno hayo matatu.

Hakutaka watu wajue kwamba sauti zinamuumiza. Alikuwa ameimba katika kwaya tangu ujana wake, na alinikataza kabisa: "Usibaambie. Batasema nilichoka nyimbo za Mungu." Kwa hiyo wageni walipokuja kumwombea na kumwimbia, yeye alitabasamu, nami nilikaa pembeni nikimwona akiikamata shuka kwa vidole.

Siku za ibada na za mazishi nilikuwa ninamwacha na dada yake. Nikafikiri: nimrekodie nyimbo ndogo kwenye simu, awe nazo nisipokuwapo. Nyimbo kumi na mbili, mimi peke yangu na ukulele. Wimbo wa bidoni, dumu letu la maji. Wimbo wa dawa chungu ya asubuhi. Wimbo wa jogoo wa jirani, anayewika saa nane mchana bila aibu. Hazikuwa nyimbo za heshima kwa mzee wa kanisa, lakini zilimfaa yeye. Nilirekodi katika stoo, kwa sababu magunia ya mahindi yanameza mwangwi.

Kosa langu nililifanya Jumatano, baada ya mazoezi ya kwaya. Nilisimama nikawaomba wenzangu waiombee kazi yangu, kama tunavyofanya kwa kila jambo, hata kwa safari ya Kasenga. Wapiga muziki watatu wakaja mbele wakaniwekea mikono: wa gitaa la besi, wa ngoma na wa kinanda, wazee kama mimi. Nikaitikia amina kwa moyo wote. Nilisahau kwamba kwetu mtu akishaiwekea kazi mikono, anaihesabu kuwa yake.

Kesho yake walikuwa mlangoni.

"Papa, tumekuya kwa ile kazi," alisema wa besi.

"Ndugu zangu, nilisema solo. Mimi peke yangu."

"Peke yako? Na Yesu ulimuacha inje?"

"Hapana, Yesu yuko."

"Basi muko babili. Solo ilishakufa zamani. Songa kule tuingie."

Wakaingia. Tulikaa wanne juu ya magunia, goti la mpiga ngoma likiwa mbavuni mwangu. Kwa bahati hapakuwa na umeme wa besi wala wa kinanda, lakini wa besi akapata dawa ya hilo pia: twende kwake, mtaa wa Kenya, humu humu mjini kwetu, umeme upo. Ningewakataaje watu waliofumba macho na kuniombea? Na ningewaambiaje sababu, wakati nilikuwa nimeahidi kunyamaza?

Kwa majuma matatu nilikwenda huko kila alasiri. Nilikuwa ninamwacha mke wangu ili nitengeneze kitu cha kumliwaza nikimwacha. Nililiona jambo hilo wazi kila nilipofunga lango, na bado nililifunga. Kule ngoma ilikuwa inaanza, besi inafuata, kinanda kinajaza nafasi iliyobaki. Nikiomba wapunguze, mpiga ngoma alinicheka: "Papa, huyu jogoo wako iko na homa? Acha alie!"

Walipomaliza wimbo wa jogoo, wenyewe waliupigia makofi. Niliupeleka nyumbani. Mke wangu aliusikiliza kidogo tu, akavuta shuka hadi machoni.

"Papa, hii solo iko na bantu wangapi?"

"Wanne."

"Na wewe uko wapi mule?"

Nikazima simu. Akasema kutoka ndani ya shuka, "Kesho baambie. Yote."

Niliwaambia kabla hawajawasha chochote. Mpiga ngoma ndiye aliyeuliza wa kwanza: "Hata siku ile tulikuya kumuimbia? Ilimuumiza?"

"Ndiyo."

"Na mama alitusindikiza mpaka kwa mlango!" Akavua kofia, akaishika mkononi.

Nilidhani hapo nimepata solo yangu. Jumatatu walirudi stoo, mikono mitupu. Mpiga ngoma alikuwa anagusa gunia kwa ncha za vidole. Wa kinanda alikuwa anageuza tu kurasa za daftari langu. Wa besi, asiye na besi, alifunga kinywa akaunguruma chini ya ukulele, polepole, kama anayembembeleza mtoto. Tulirekodi wimbo wa dawa chungu, nikaupeleka chumbani.

Aliusikiliza mpaka mwisho, akaomba niurudie. Kisha akauliza, "Hii sauti ya chini ni ya nani?"

Nikamtajia.

"Mwambie anirekodie wimbo moya, yeye peke yake. Wewe utamushikia simu."

Nikarudi stoo nikamweleza. Mzee yule alijifanya hakusikia vizuri, akaniomba niseme tena, kwa sauti, wenzake wasikie.