Mama alikataa kupimwa saratani kwa sababu muuguzi ni mkwewe

Wakuu, salaam kwenu. Anayeona hii ni chai ya kutunga apite kimya kimya, sina nguvu ya kubishana. Ni mambo ya nyumbani kwetu, Newala, upande wa Makote.

Mume wangu ni muuguzi wa zahanati ya kijijini. Ndiye pekee pale anayepima dalili za awali za saratani ya shingo ya kizazi. Kipimo ni cha muda mfupi: anapaka siki, anaangalia kama kuna weupe. Ukionekana, unatibiwa kabla haijawa saratani.

Mama Zuhura, jirani yetu, alikutwa na weupe. Akatibiwa, na leo anaokota korosho kama kawaida.

Mama yangu hakwenda. Kwetu mama mkwe akikutana na mkwewe njiani anachepuka, salamu zinatolewa kwa mbali. Sasa amvulie nguo?

Hapo sikumlaumu. Nikasema twende Mkunya, kuna nesi wa kike.

Mjomba, kaka yake mama, akakataa. Na kwetu mjomba akishasema, imekwisha. Eti watumishi wote ni wamoja, majibu yatamfikia mkwe, ukoo utaaibika.

Tukarudi kwenye korosho zetu.

Misimu ikapita. Siku moja nikakuta vitambaa vya damu vimefichwa nyuma ya bafu. Mama alishakoma hedhi zamani. Nilipombana akasema, "Ningekwambia wewe, angejua yeye. Si unalala naye?"

Alikuwa anavuja damu msimu mzima, wakuu, huku anaokota korosho na kiuno kinamuuma. Nililia mpaka nikakasirika.

Tulimpeleka hospitali ya Ndanda, tukaambiwa saratani imeshasambaa. Akarudi nyumbani na dawa za maumivu.

Sitapamba: kulikuwa na harufu. Ndugu wakahamia barazani. Mjomba akawa anamjulia hali akiwa uani, haingii ndani. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, siwezi kumnyanyua.

Aliyemwosha mama na kumbadilisha nguo ni mkwe. Mama alijifunika uso kwa khanga. Mume wangu anasema tu, "Samahani mama, tunamaliza."

Siku ya mazishi mjomba akasimama mbele za watu. "Dada yangu ameondoka na heshima yake. Hakuna mkwe aliyemwona."

Mume wangu akainamisha kichwa.  Mimi mpaka leo sijamsamehe mjomba, na sijui kama nitamsamehe.

Nilichojifunza: msisubiri damu. Mpelekeni mama, mke au dada akapimwe akiwa mzima. Kama zahanati yenu ina mkwe, pandeni gari hata Masasi, ambako hamjulikani. Na mabinti wadogo wana chanjo yao, wapewe.

Karibuni mchangie. Hata mnaotetea mila njooni, ila mniambie kwanza: ninyi mngemwosha?