Litungu Lililokwenda Japani

Nakumbuka siku Mzee Chacha wa Kiabakari alipomchukulia mdogo wangu Nyangeta litungu mkononi, mwanangu, na mpaka leo nikiikumbuka moyo unanienda mbio kwa furaha. Kaa vizuri nikusimulie. Nimesikia na wewe umepata safari ya kufundisha ng'ambo, na mwalimu anayesafiri hatoki nyumbani kwangu hapa Butiama bila kuambiwa habari hii.

Nyangeta alikuwa mwalimu wa shule ya msingi pale Bunda. Mimi shule niliiacha mapema, nikabaki na ng'ombe wa baba, lakini kila alichojifunza alikuwaga anakuja kunimwagia jikoni. Alipenda mambo mengi yule. Alipenda ramani, alipenda kufuga kanga, na kuliko vyote alipenda litungu, hiki chombo chetu cha nyuzi ambacho wanaume wanapiga kwenye harusi. Akilisikia mtaa wa pili, hata uji anauacha uungue. Alijifunza kwa kuangalia vidole vya watu tu.

Basi akaja mwalimu Mjapani, anaitwa Keiko, kufundisha hisabati shule ya jirani. Msichana mwembamba, mcheshi, anakula sato mpaka macho. Wakashibana na Nyangeta. Huyu anamfundisha mwenzake kusonga ugali wa mtama, yule anamfundisha kukunja karatasi mpaka inakuwa ndege. Muda wa Keiko kurudi kwao ulipokaribia, shule ya kijijini kwao ikamwalika Nyangeta aende naye, akawafundishe watoto nyimbo za kwetu. Mwanangu, nilipiga vigelegele mpaka ng'ombe wakageuka kuniangalia. Nyangeta akasema anakwenda, ila bila litungu hapandi ndege. Atawafundisha nini mikono mitupu?

Tukaenda watatu kwa Mzee Chacha. Huyu alitoka Tarime kijana kuja kufanya kazi kwenye mgodi wa dhahabu, akabaki Kiabakari anatengeneza matungu. Hakuna aliyekuwa anamfikia. Tulikuta wanaume wamekaa uani kwake, na mmoja, Mwita, akacheka.

"Litungu kwa mwanamke? Kesho mtatuambia tubebe watoto mgongoni."

"Ungebeba mtoto angalau," Mzee Chacha akamjibu, "maana kuni hubebi, maji hubebi." Akampa Nyangeta litungu jipya. "Piga nisikie."

Nyangeta akapiga. Hata Mwita akaacha kucheka. Mimi tayari najiona nimelifunga kwenye khanga tunarudi nalo. Ndipo mzee akauliza, "Huko unakokwenda utamwimbia nani?"

"Watoto, Mzee."

"Watoto wa nani?"

Nyangeta akaniangalia. Nikamwangalia Keiko. "Wa Kijapani, Mzee," Nyangeta akasema.

Akalichukua litungu, taratibu kabisa, akalitundika ukutani.

"Mjapani siyo jina la mtu," akasema. "Litungu linamwita mtu, linamtaja na baba yake, naye anasimama. Ndiyo kazi yake. Wewe utasimama mbele ya watu usiojua hata mmoja ametoka kwa nani, uwapigie kelele, wapige makofi, waende kula. Mwalimu mzima. Kwa kazi hiyo sikupi."

"Lakini safari imekaribia, Mzee wangu."

"Basi anza leo."

Nyangeta akaaga, tukatoka. Angeweza kununua litungu la ovyo kwa mtu mwingine, na mimi nilimwambia hivyo. Akakataa. Alisema yule mzee amemwambia kweli.

Tukapitiliza mpaka Musoma, tukakaa juu ya mawe pale ziwani, Keiko akiwa anafikiri. Halafu akasema, "Dada Wegesa, kijiji chetu ni cha wavuvi. Shule ndogo sana. Mimi nawajua wote." Akaanza kuwataja. Haruka binti Kenji, baba yake ana mtumbwi wa buluu na anakoroma kwenye mikutano ya wazazi. Daiki mwana wa Hiroshi, hapendi viatu. Yumi binti Takeo, meno ya mbele yametoka yote. Tulicheka mpaka wauza samaki wakaja kuuliza kuna nini.

Kuanzia hapo tulikula na kulala na majina. Nyangeta aliyaimba akifua, mimi nikayaimba nikikamua maziwa. Jirani yangu Nyanjura akanichungulia juu ya ua. "Mama, umeokoka lini? Nasikia unanena kwa lugha." Nikamwambia nawaita watoto wa Kenji na Hiroshi. Akaondoka anatikisa kichwa.

Tuliporudi Kiabakari, Mzee Chacha alifumba macho akasikiliza. Nyangeta alipofika kwa Haruka binti Kenji, mzee akainua mkono. "Huyo Kenji ni mvuvi?"

"Ndiyo, Mzee. Umejuaje?"

"Umemwimba kama mtu anayevuta nyavu." Akamsukumia litungu. "Nenda nalo. Na wewe Mwita funga mdomo, nyuzi za matungu yangu, marehemu mke wangu ndiye alikuwa anazikaza."

Yaliyotokea Japani alinisimulia mwenyewe aliporudi. Watoto walikuwa wamekaa kwa mstari, mikono magotini, wamenyooka kama wako kanisani. Akamtaja wa kwanza. Hakuna aliyetikisika. Akamtaja tena, na baba yake. Nyangeta anasema jasho lilimtoka mgongoni. Ndipo kasichana kakasimama taratibu, Haruka yule, kanaangalia huku na huku kama kameitwa na mtu aliyeko ndani ya ukuta. Baada ya hapo ni kama moto kwenye nyasi. Kila anayetajwa anaruka. Mpaka bibi mmoja wa nyuma akaja mbele akamshika Nyangeta mkono wa gauni, kwa sababu yeye hakutajwa. Nyangeta akanyamazisha nyuzi, akamuuliza kupitia Keiko, "Mama, baba yako aliitwa nani?" Akaambiwa. Akamwimba naye.

Na hakuishia hapo. Alipokuwa huko aliwafundisha wale watoto majina ya kwetu, mimi sina habari.

Sasa sikiliza. Mwaka huu, baada ya mavuno, gari likasimama hapo nje. Akashuka mwanamke mtu mzima, mgeni, sura ya kina Keiko, akainama mpaka nywele zikamfunika uso. Kisha akasema kwa Kiswahili cha polepole, "Wegesa binti Magoti, habari za asubuhi?"

Mwanangu, mimi hapa ni Bibi tu. Bibi wa kwenye kona, Bibi wa maziwa. Walioniita kwa jina la baba yangu wamekwisha wote isipokuwa Nyangeta. Nilishika mlango.

Nikabahatisha yule wa kwanza kwenye wimbo, nikamwambia, "Na wewe ni Haruka binti Kenji. Ule mtumbwi wa buluu bado upo?"

Akaziba mdomo kwa mikono miwili. Na yeye sasa ni mwalimu. Nilimpigia simu Nyangeta Bunda, akaacha kanga zake bila hata kufunga banda, akaja na litungu.

Kwa hiyo mwanangu, nguo utapata huko, na chakula utazoea. Kabla hujaondoka uliza: nani atakuwa mbele yangu, na ni mtoto wa nani? Usiende kufundisha "wageni" wala "Wajapani". Nenda kwa watu. Usiyemjua, nyamazisha wimbo wako kwanza umuulize, hata kama ukumbi wote unakungoja. Na uwaachie majina yetu, maana majina yatakaa kule hata wewe ukirudi.

Mungu wa baba yangu Magoti akushike mkono angani na chini. Watoto wa kule wasimame utakapowaita. Na siku ya kurudi unikute hapa mlangoni, nikuite jina lako lote, mpaka la babu yako, majirani wasikie.